Limoges kimoja au PHB vinane? Kuchagua vikasha vya kauri vya kupamba nyumba wakati wa sikukuu

Mpwa wangu alinipigia simu wiki moja kabla ya Krismasi, ana dola 200 mkobani na swali moja: "Shangazi, ninunue kimoja cha Ufaransa au vinane vya hawa wengine?" Alikuwa amesimama mbele ya kabati la kioo katika duka la vitu vya kale, hapa hapa Minnesota, akiangalia vikasha vidogo vya kauri vyenye bawaba: kimoja cha Limoges, na vile vya bei nafuu viitwavyo PHB. Nikamwambia asitoe hata senti, aje kwanza tunywe chai. Swali lake yeye aliliona la bei. Mimi niliona ni swali la bawaba.

Kazi yangu ya kwanza nilipofika nchi hii ilikuwa kumtunza bibi mmoja mzee aliyekuwa na vikasha vya kauri vinavyokaribia sitini, kila kimoja kidogo kiasi cha kufumbatwa kiganjani. Oktoba maboga na paka weusi walipanda rafuni juu ya meko. Novemba akaja bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani. Desemba miti, malaika na mzee wa Krismasi na kapu lake. Februari mioyo, Pasaka mayai na sungura. Rafu ilikuwa hiyo moja tu, na kila walipopanda wa msimu mpya, wa zamani walirudi kabatini ndani ya maboksi ya viatu. Kuvibadilisha ikawa kazi yangu. Kwa miaka mitatu nilimvunjia kimoja, sungura wa Pasaka. Hakuanguka. Nilimtia karatasi nyingi mno tumboni, nikamlazimisha kufunga kifuniko ili aenee kwenye boksi, na bawaba ikang'oka na kipande cha ukingo. Bibi hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba hajawahi kupoteza kikasha rafuni. Vyote vilivyomvunjikia vilivunjika siku ya kufungasha.

Tangu siku hiyo nikiona kikasha dukani sianzi na mchoro. Pambo la msimu hukaa nje wiki tatu au nne, na mwaka uliobaki liko gizani. Hushikwa sana mara mbili, siku ya kutolewa na siku ya kurudishwa, na mara hizo mbili anayeumia ni bawaba. Kwa hiyo ulinganisho wangu unaanzia hapo, ndipo uje uzuri, kisha bei.

Limoges: fundi mmoja, kikasha kimoja

Limoges, hutamkwa Limoj, si kampuni. Ni mji wa Ufaransa. Mwishoni mwa miaka ya 1760 udongo mweupe wa kaolini uligunduliwa Saint-Yrieix-la-Perche, kusini ya mji huo, na mwaka 1771 kiwanda cha kauri kikafunguliwa Limoges penyewe. Wajerumani wa Meissen walikuwa wametangulia tangu 1710, lakini Limoges ilikuwa na udongo, kuni na mito, viwanda vikazaliana. Mwaka 1842 Mmarekani David Haviland alihamia huko ili atengenezewe vyombo vya kuwapendeza wateja wa kwao, na ndiyo sababu mojawapo nyumba za wazee wa Marekani zimejaa jina hilo mpaka leo.

Vikasha vyenyewe ni wajukuu wa tabakelo. Mabwana wa Ulaya wa karne ya 18 walitembea na ugoro mfukoni, na ugoro ukipigwa na hewa hukauka na kupoteza ubora, kwa hiyo tabakelo ilibidi ifungike barabara. Ugoro umepitwa na wakati, ila ile tabia ya kufunga vizuri imebaki. Kikasha kizuri cha Limoges kikifungwa hutoa mlio mdogo mkavu, "tk", na hakitikisiki.

Mlio huo una sababu. Kauri ya huko huchomwa mara mbili, na mara ya pili, baada ya kupakwa tabaka la kioo, joto hufika kama nyuzi 1,400 za Selsiasi. Katika tanuri kitu kizima husinyaa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na havisinyai vyote sawa. Kifuniko cha kikasha hiki hakiwezi kukaa sawasawa juu ya kile. Fundi wa chuma anapokata ukanda wa shaba ya manjano anaupimia kikasha hicho hicho kilicho mkononi mwake. Uzuri wake ni kwamba bawaba hukaa kama imeota pale. Ubaya wake ni kwamba hakina kipuri. Ukivunja kifuniko, umebaki na kibakuli chenye mkufu wa shaba.

Chini yake tafuta maandishi "Peint Main" na "Limoges France", mara nyingi pamoja na herufi za jina la mchoraji. Hayo maana yake kimechorwa kwa mkono. "Rehaussé main" ni jambo jingine: picha imebandikwa kwa chapa, kisha mkono umepita juu kuongeza dhahabu au rangi kidogo. Si wizi, ila bei isiwe ile ile. Muuzaji akikwambia "mtindo wa Limoges", hajakwambia kimetoka Limoges. Tangu Desemba 2017 jina la kauri ya Limoges linalindwa na sheria ya Ufaransa, na kinachouzwa kwa jina hilo lazima kitengenezwe na kupambwa katika jimbo la Haute-Vienne. Lakini vikasha vingi utakavyokutana navyo Marekani ni vya kabla ya hapo, vimeingizwa na wafanyabiashara kama Rochard na Chamart wa New York, au vina jina la kiwanda cha Artoria. Muhuri unaweza kughushiwa. Ukanda wa shaba uliokaa bila mwanya, bila gundi iliyotokeza, na kishikizo cha mbele kilichofinyangwa kufuatana na hadithi ya kikasha (karoti kwa sungura, nyota kwa mti) ni vigumu zaidi kughushi.

Vipya nilivyoona dukani mimi vinaanzia karibu dola 200 na kupanda. Vilivyotumika ukibahatika hupungua kwa nusu.

PHB: kikasha chenye siri tumboni

Cannon Falls ni mji mdogo wa Minnesota, chini ya saa moja kwa gari kutoka Minneapolis. Kutoka huko kampuni ya Midwest of Cannon Falls iliuza, miaka ya 1990 hasa, vikasha vilivyotengenezwa Uchina na kuitwa PHB, herufi za Kiingereza (Porcelain Hinged Box) zenye maana ya kikasha cha kauri chenye bawaba tu, wala hakuna fumbo. Hapa kwetu vimezagaa kwenye maduka ya mitumba na minada ya vitu vya nyumba kama sufuria.

Raha yake iko ndani. Ukikifungua unakuta kitu kidogo kama kunde, cha kauri au chuma, kinachohusiana na umbo la nje. Wajukuu wa yule bibi hawakujali malaika wake wa Limoges hata kidogo. Walikuja mbio kufungua PHB waone kilichomo, ingawa walikijua tangu mwaka jana.

Tukiviweka ubavuni mwa Limoges, kauri yake ni nene, michoro imepigwa haraka haraka, na nyuso za malaika wengine zinaonekana kama zimeamshwa usingizini. Bawaba ni ya kawaida na ina kulegea kidogo. Wapenda Limoges hucheka kulegea huko. Mimi nakupenda. Bawaba inayolegea inasamehe kidole cha mtoto wa miaka mitano. Inayobana haisamehi hata changu. Nimeuza na kununua PHB nyingi, na nilichokikosa mara nyingi ni kile kitu cha ndani, si bawaba. Kwa hiyo kabla ya kulipa, fungua. Kikasha kisicho na siri yake ni nusu kikasha, na bei iwe nusu.

Kwa bei ya mitumba ninayoiona mimi, dola 10 hadi 30 zinakupa kimoja. Hesabu ya mpwa wangu ya vinane kwa mia mbili ilikuwa sahihi kabisa.

Enameli ya Uingereza: si kauri, lakini usiipite

Wapo watakaosema nimetoka nje ya mada. Vikasha vya Halcyon Days, duka la London lililoanzishwa mwaka 1950, mwili wake ni shaba nyekundu iliyopakwa unga wa kioo na kuchomwa mpaka ukayeyuka na kushika. Ufundi huo ulishamiri Uingereza karne ya 18. Kiwanda cha Battersea kilidumu 1753 hadi 1756 tu, lakini jina lake likabaki likitumiwa kwa kila kikasha cha aina hiyo, hata vile vilivyotoka Bilston na kwingineko. Ukakaribia kusahaulika, hadi Halcyon Days walipoufufua mwaka 1970.

Kwa sikukuu una faida moja ambayo kauri haina: maneno. Hutolewa vikasha vya Krismasi vyenye mwaka wake, na vingine vina salamu juu ya kifuniko. Kama unamtafutia zawadi mtu aliyepata mtoto mwaka huu, au waliofunga ndoa Desemba, chenye tarehe kinazungumza zaidi ya malaika yeyote. Bawaba nayo ni chuma kwa chuma, haivuti ukingo wa kauri. Kikianguka hakipasuki vipande. Hubonyea, na kioo huruka kwenye kona. Pengo hilo halizibiki nyumbani, na anayelijua hulitafuta kwanza. Pitisha ukucha polepole kuzunguka ukingo.

Hapa kuna mtego wa maneno. Limoges ilikuwa maarufu kwa enameli juu ya shaba tangu karne ya 12, mamia ya miaka kabla ya kaolini. Muuzaji akiandika "enameli ya Limoges" hakosei, ila anazungumzia kitu kingine kabisa, na pengine cha bei nyingine kabisa.

Vya Wedgwood na Herend navitaja kwa kupita. Vile vya Wedgwood vya buluu na michoro myeupe iliyotokeza si kauri kamili, ni udongo mgumu kama jiwe uitwao jaspa. Herend ya Hungaria, iliyoanza 1826, ni kauri tupu na yenye maua na vipepeo vya kupendeza. Vyote viwili mara nyingi havina bawaba, ni kifuniko cha kuinua tu. Kwa hoja yangu ya bawaba hiyo ni sifa, maana kisichokuwepo hakikatiki. Lakini kifuniko kisichoshikiliwa na kitu huteleza mkononi mwa mgeni anayesema "oh, kizuri!" huku akikigeuza chini juu kusoma muhuri.

Basi uchague kipi

Kama nyumbani kuna watoto, au wageni wanaoshika, nenda PHB bila aibu na ununue vya msimu mmoja kwanza. Kosa la wengi ni kuchukua kimoja cha kila sikukuu, mwishowe rafu ya Krismasi ina mti mmoja mpweke na rafu ya Pasaka ina yai moja. Vitano vya Desemba vikisimama pamoja ni pambo. Kimoja kimoja ni vitu vilivyosahauliwa mezani.

Kama unaishi peke yako au na mwenzio tu, na unaweza kungoja, Limoges kimoja kwa mwaka kinatosha. Ila usianze na cha Krismasi. Najua ndicho kinachokuita. Anza na umbo lisilo na msimu: ndimu, samaki, birika, kitabu. Hicho hakirudi kabatini Januari, na kwa hiyo bawaba yake haipati ile siku mbaya. Halafu kinaweza kuhama na sikukuu. Jirani yangu mzaliwa wa Shela, Lamu, ana birika la Limoges lenye ukubwa wa tende mbili. Idi hulitoa na kuliweka juu ya kitambaa cheupe kando ya chetezo, na kila anayeingia hulifungua akitegemea kahawa.

Ni yeye aliyenifanya nione kwamba jambo hili si geni kwetu kama nilivyodhani. Nyumba za mawe za Lamu na Pate zilikuwa na zidaka, vile vishimo vya ukutani vilivyonakshiwa kwa chokaa, safu juu ya safu, na ndani yake zilipangwa sahani na bakuli kutoka Uchina. Kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi, nje kidogo ya Dar es Salaam, watu walizipachika sahani hizo mpaka kwenye nguzo. Jirani yangu anacheka rafu yetu ya juu ya meko. Anasema kidaka kina mgongo na mbavu, kitu hakiendi kokote. Rafu ya meko iko wazi mbele, na chini yake kuna moto na paka. Tukanunua fremu mbili za mbao zenye kina, tukazitundika ukutani, kila chumba cha fremu kina kikasha chake. Tangu hapo sijawahi kukosa usingizi kwa ajili ya paka.

Kama unataka kutuma nyumbani pwani, fikiri mara mbili juu ya shaba. Kauri haijali hewa ya chumvi, lakini ukanda wa manjano utapiga weusi, kisha ukijani kwenye kona za bawaba, na mtu mwenye nia njema ataupaka dawa ya kung'arishia vyuma ambayo itaingia chini ya ukanda na kula gundi. Kwa Mombasa au Unguja ningetuma kile cha kuinua kifuniko. Na kikasha chochote kilichochorwa juu ya tabaka la kioo kisitumike kwa vyakula. Peremende zenye karatasi zake, sawa. Halua, hapana.

Ukiwa dukani, kukagua hakuchukui dakika tano. Fungua kwa mikono miwili, mmoja chini na mmoja juu, usikivute kwa kishikizo. Angalia kama kifuniko kinasimama chenyewe kikiwa wazi au kinaangukia nyuma kwa uzito; kinachoangukia nyuma kinakula ukingo kila kikifunguliwa. Shika tochi ya mwanga wa zambarau, ile wanayotumia kukagulia noti bandia, kwani gundi na rangi za matengenezo mara nyingi hung'aa tofauti na kauri iliyo nzima. Nimewahi kumwona malaika aliyeonekana mzima kabisa mchana, chini ya tochi ana shingo ya rangi nyingine.

Na kufungasha, kwa sababu huko ndiko vinakofia. Toa kitu cha ndani ukifunge peke yake kwenye karatasi laini na uandike jina la mama yake juu. Usiweke karatasi kati ya kifuniko na mwili, hilo ndilo kosa langu la sungura. Kifunge kikiwa tupu, kizungushie karatasi laini mara mbili, kisimame wima kwenye kichumba chake. Katoni za mayai zinafaa kwa vile vidogo. Mpira wa kufungia pesa usiutumie, ukioza hunata kwenye dhahabu. Usiviweke darini wala gereji. Baridi ya Minnesota haiivunji kauri, ila joto na baridi vikipokezana huichosha gundi inayoshika ukanda. Kabati la chumba cha kulala linatosha. Boksi la awali la kikasha, kama unalo, tunza. Siku ukitaka kuuza, mnunuzi huuliza boksi kabla ya kuuliza historia.

Mpwa wangu alikuja, tukanywa chai, nikamtolea vyangu vyote mezani avishike. Alivunja? Hapana, lakini nilimwona anavyofungua: kwa kidole gumba, kwa haraka, kama anafungua kopo la mafuta ya nywele. Nikajua jibu lake. Jumamosi alirudi kwenye lile duka akachukua PHB nne za Krismasi, zote na siri zake, kwa dola 70. Pesa zilizobaki akakaa nazo mpaka Februari, ukatangazwa mnada wa vitu vya nyumba mtaa wa pili, akapata ndimu ya Limoges, "Peint Main", kishikizo cha umbo la jani, dola 95. Kwenye zidaka zake nne alizotundika jikoni, hiyo ndimu ndiyo haishuki. Zile nne alizifunga mwenyewe, nami nimekaa pembeni na kikombe changu, kila mara anapobonyeza kifuniko namwambia, "Taratibu, mwanangu. Ngoja kiseme tk."